Pumzi Juu ya Mswala

"Jirani, mumeo yuko godauni."

Mama Kulwa alisema hivyo akiwa bado mlangoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Bi Nyamizi alikuwa uani akipepeta mchele. Ungo ulisimama hewani, pumba zikamrudia usoni.

"Mume wangu yuko kaburini," akajibu. "Uji wa matanga yake ulikoroga wewe, tena ukauunguza."

"Uji niliunguza, sikatai. Lakini macho yangu hayajaungua. Nimemwona Mrisho. Mwili wake wote mwanga mtupu, anasali, na watu wamemzunguka kama wanatazama mpira."

Bi Nyamizi aliuweka ungo chini taratibu, maana mtu wa kazi yake hakurupuki. Alikuwa mwosha maiti wa wanawake, na hapo Tabora hakuna mtaa ambako hakuwahi kuitwa. Alishaingia vyumba ambavyo wenyewe walivikimbia, akafanya yaliyompasa, akatoka amefunga mdomo. Mwosha akiona kovu, au alama, au aibu yoyote juu ya mwili wa mtu, huifukia pamoja na mwenyewe. Kwa hiyo maiti hakumtisha. Lakini maiti aliyerudi kusali mbele ya watu, huyo hakuwahi kufundishwa namna ya kumpokea.

"Umemjuaje?" aliuliza.

"Goti. Nani mwingine huinuka vile?"

Mrisho alikuwa mrina asali. Mwaka mmoja mzinga ulimwangukia porini ukamvunja goti la kushoto, na tangu hapo hakuinuka kutoka kwenye sajda kama watu wengine. Aligandamiza ngumi ya kulia chini, akauvuta mguu mbovu, ndipo akasimama.

Mama Kulwa akaita bajaji. Ilikuja yenyewe, haina dereva, ikauliza kwa sauti ya upole wanakwenda wapi.

"Kwa mume wa mwenzangu," akasema Mama Kulwa.

Bajaji ikajibu kwamba haipajui mahali hapo.

"Godauni la zamani la tumbaku," Bi Nyamizi akaiambia. "Jumba la Athari."

*

Tumbaku ilikuwa imeondoka miaka mingi, ila harufu yake iligoma kuhama, hata baada ya godauni kugeuzwa jumba la kuonyesha athari, alama ambazo watu huacha kwenye vitu vyao. Ndani kulikuwa na baridi na giza la makusudi, na juu ya ukuta waliandika jina la maonyesho ya msimu ule: VILIVYOZOEA WATU. Yalikuwa hayajafunguliwa rasmi. Wiki ile waliwaachia majirani watangulie kuona.

Palikuwa na kinu cha mtu asiyejulikana, na juu yake mwanamke wa mwanga akitwanga, hana uso, ana kiuno na mabega tu. Palikuwa na kiti cha kinyozi, na nyuma yake mwanga wa mtu aliyeinama akinyoa hewa. Watu walipita wakinong'ona kama walio hospitali.

Mwishoni kabisa, nyuma ya kibao kilichoandikwa MSWALA WA UKINDU, kwenye duara la mchanga mweupe, alikuwepo Mrisho.

Bi Nyamizi alimwona akirukuu. Alimwona akishuka. Akaona ngumi ya kulia inatafuta mahali pake, mguu wa kushoto unavutwa, bega linapanda kabla ya jingine. Uso haukuwepo, na wala hakuuhitaji. Aliufahamu mwili ule gizani na mchana, katika uzima na katika homa. Alitaka kusema *Innaa lillahi* ulimi ukakataa, na hilo halikuwahi kumtokea hata katika msiba.

Kisha akaona lile la pili. Walikuwa wamemwelekeza mlangoni ili wageni wakiingia wamwone kwa mbele. Kibla cha Tabora ni kaskazini, na mlango wa godauni uko kusini. Mrisho aliyekuwa akisafiri na dira mfukoni kwa ajili ya sala tu, sasa alikuwa akisujudia meza ya kukatia tiketi.

Na la tatu ndilo lililomfanya ashike ukuta. Mrisho aliposhuka kwenye sajda, msichana mmoja aliyevaa suruali alijilaza mchangani ubavuni mwake, akasogeza sikio karibu na pale ambapo mdomo ungekuwa. Akatulia. Alipoinuka alikuwa anafuta machozi. Mwanamume mwingine akachukua nafasi yake.

"Wanafanya nini?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Wanasikiliza dua yake," akasema Mama Kulwa. "Ati inasikika hapo chini tu. Mimi sikulala. Kiuno hiki kikilala chini hakiinuki bila winchi."

*

Msimamizi wa maonyesho aliitwa Leokadia Mhoja. Alikuwa mwanamke wa makamo, rozari shingoni, sauti ya taratibu. Alimpa Bi Nyamizi kiti, akamletea maji, akapiga magoti kidogo kumwamkia kama binti wa watu. Bi Nyamizi alikuwa amejiandaa kukutana na mtu mwenye kiburi, akakosa pa kuanzia.

"Ule mswala mmeutoa wapi?"

"Madrasa ya Maalim Swedi, mama. Tulikuwa na programu ya kubadilishana. Tuliwapelekea watoto miswala mipya, wao wakatupa ya zamani iliyochakaa. Maalim mwenyewe ndiye aliyetufungulia stoo. Na Ijumaa, wakubwa wa mkoa watakapokuja kufungua, ni yeye tuliyemwomba asome dua."

Bi Nyamizi alifumba macho. Baada ya eda aligawa vitu vya marehemu sadaka, kama wafanyavyo watu. Kanzu alimpa mnadi sala, viatu alimpa mlinzi wa shule, na mswala wa ukindu akampa Maalim Swedi, aliyekuwa akiwafundisha wanawake dini kila Jumatano barazani kwake. Maalim aliupokea kwa mikono miwili, akasema atausalia yeye mwenyewe ili thawabu imfikie Mrisho.

"Sasa nieleze, mwanangu. Huyu aliye pale ni nani?"

Leokadia alichukua kipande cha ukindu mezani, akakikunja, akakiachia. Kikarudi nusu.

"Unaona? Haurudi wote. Mtu akipiga goti mahali pale pale mwaka hadi mwaka, ukindu hukubali uzito wake. Mashine yetu inasoma kila uzi ulivyolala, inaujenga mwili ulioulaza. Ndiyo maana mwili huwa ni wa yule aliyeutumia mswala miaka mingi kuliko wengine. Mtu wa miezi michache hawezi kuufuta."

"Na sauti?"

"Sauti ni pumzi. Ukinong'ona karibu na ukindu, unyevu na chumvi ya mdomo hubaki. Lakini pumzi haikai kama uzito. Ya leo inafuta ya jana. Kwa hiyo tunachopata ni minong'ono ya mwisho mwisho kabisa." Akainamisha kichwa. "Pole, mama. Ni siku zake za mwisho."

Mrisho siku zake za mwisho alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka. Lakini Bi Nyamizi alidhani labda mashine inahesabu siku kwa namna yake, akaliacha.

"Na mswala wenyewe?"

"Ukishasomwa unakuwa majivu. Kimebaki mwanga tu."

"Basi uzimeni."

Leokadia akasema bila ukali. "Sheria ya athari inakupa haki hiyo. Mrithi akikataa, tunazima palepale, na hauwashwi tena milele. Naomba tu ufikiri, mama. Kuna mtu alikuja juzi, akalala pale, akainuka akaniambia, nilidhani ni mimi peke yangu. Mtu huyo alikuwa amekata tamaa ya kuishi. Mumeo amemrudisha, naye hayupo."

"Mume wangu hakusema na mtu huyo. Alisema na Mola wake. Mimi niliyekuwa nalala naye sikuwahi kumuuliza anasema nini kwenye sajda."

"Naelewa. Lakini kuna sharti, na mimi sikulitunga. Mrithi lazima aisikilize sauti, kisha aape kuwa ni ya mtu wake. Bila hivyo kila mtu angekuja kuzima chochote."

"Nimeshakwambia goti."

"Magoti mabovu ni mengi, mama. Na wanaosali wote huinama namna moja."

Bi Nyamizi alilipima sharti lile. Ili aizibe siri ya mumewe, sharti kwanza aifungue. Godauni zima limesikia, wasafiri wamesikia, wasichana wa suruali wamesikia. Aliyebaki hajasikia ni mjane wake, naye anaambiwa mlango wa kutokea unapita hapo hapo.

"Watoe watu," akasema. "Na mniletee maji nitie udhu."

*

Walitoka wote, hata Mama Kulwa, naye alitoka akigeuka nyuma kila hatua. Leokadia alibaki pembeni, maana kiapo kinataka shahidi.

Bi Nyamizi alivua kandambili, akakanyaga mchanga. Mwanga ulikuwa unasoma fatiha kimya. Alingoja. Mrisho aliporukuu, akainuka, akaanza kushuka, naye alishuka. Alijilaza ubavu, kanga imembana miguuni, akasogeza kichwa. Tangu siku waliyombeba hakuwahi kuwa karibu naye vile. Hakukuwa na joto lolote, hata la taa.

Mnong'ono ukaja.

"*Mola wangu. Ni mimi, mwana wa Nyanzobe.*"

Bi Nyamizi aliganda.

Mama yake Mrisho aliitwa Tabu. Nyanzobe, jina la kwao ambalo mjini wachache walilijua, Bi Nyamizi alimfahamu kwa mikono yake miwili: bikizee mfupi wa Kinyamwezi, mwenye chale za zamani mgongoni. Alimwosha yeye, akamvisha sanda yeye, na aliyekuwa akilia nje ya mlango siku hiyo alikuwa mwanawe wa pekee. Maalim Swedi.

"*Mwili unainama, Mola wangu, ndani hamna mtu. Nabisha kama anayebisha nyumba iliyohamwa. Miezi sasa. Watoto wananitazama, nami nawaambia upo, upo karibu. Nawadanganya au siwadanganyi? Kama upo, nijibu hata kwa ugonjwa. Na kama haupo, nani nitamwambia kwamba haupo?*"

Mwanga ukainuka kwa ngumi ya kulia. Mwili wa Mrisho, maneno ya Swedi. Bi Nyamizi alibaki mchangani kinywa wazi, kama aliyepigwa teke na punda. Si mara moja wala mbili alikaa barazani kwa yule mtu akimsikiliza akieleza ukaribu wa Mungu mpaka wanawake wakatokwa na machozi. Alikuwa akifikiri, huyu ametushinda wote. Kumbe alikuwa akirudi nyumbani, anapiga paji la uso pale alipopiga Mrisho, anaomba kama mtoto aliyefungiwa nje.

Na Ijumaa atakuja hapa na kofia yake nyeupe. Wakubwa watamwambia, Maalim, hebu lala usikie. Atajisikia mwenyewe mbele ya mkoa mzima.

"Mama?" Leokadia aliita kwa upole. "Ni yeye?"

Bi Nyamizi aliketi, akaukung'uta mchanga kwenye kanga, ili tu mikono iwe na kazi. Akisema siye, amesema kweli, na mwanga utaendelea kuwaka, na Ijumaa itafika. Akisema ni nani, atakuwa amemvua Maalim nguo yeye mwenyewe kabla hata ya Ijumaa. Akisema ndiye, atakuwa ameapa uongo, na zaidi ya uongo: shaka yote ile itamlalia Mrisho, mtu aliyekufa shahada mdomoni, asiyeweza kuinuka akasema hapana. Mji utamjua kwa hayo. Wajukuu watamjua kwa hayo.

Alimtazama mumewe akirukuu. Aliye hai anaweza kuvunjika, akawaza. Maiti havunjiki, anavunjiwa heshima tu. Lakini heshima ya huyu, nani alinipa niitoe?

Hakupata jibu. Alingoja, na jibu halikuja, akaelewa kidogo Maalim alikuwa akisema nini.

"Lete Msahafu," akasema.

Aliweka mkono. Sauti yake haikutikisika, na hilo lilimshtua kuliko yote.

"Naapa kwa Mwenyezi Mungu. Sauti ile ni ya mume wangu, Mrisho Luhende."

Leokadia alivuka kwenda ukutani, kwenye swichi. Mrisho alikuwa katikati ya kuinuka, ngumi chini, mguu unavutwa, bega moja juu. Leokadia hakungoja asimame. Palipokuwa na yeye pakabaki duara la mchanga na alama ya mwanamke aliyelala.

"Pole sana, mama," akasema Leokadia, na macho yake yalikuwa na maji. "Kumbe alikuwa na mzigo mkubwa hivyo, na hukujua."

"Kila mtu ana lake," Bi Nyamizi akajibu, akatafuta kandambili zake.

*

Habari haikuhitaji bajaji. Kesho yake asubuhi Mama Kulwa alikuja na bakuli la karanga, akaketi, akazungusha maneno, akashindwa kujizuia.

"Wanasema marehemu alikuwa ameacha kumwamini Mungu."

"Wanaosema wamemwosha?"

"Mimi nimewajibu, Mrisho yule yule aliyenikatalia nisiimbe kwenye maulidi kwa sababu natoa sauti ya mbuzi? Huyo ndiye asiyeamini? Lakini wewe umeapa, jirani. Hapo mdomo wangu umekwama."

"Uache ukwame. Utapumzika."

Mama Kulwa akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

Ijumaa Bi Nyamizi hakwenda kusikiliza hotuba za ufunguzi. Alichinja kuku wake wote, akapika wali sufuria kubwa, akatandika mikeka uani. Dini ilishasema: kiapo kibaya kafara yake ni kulisha maskini kumi. Toba ni kazi ya moyo na huenda ikachelewa, lakini wali haukuwa na sababu ya kuchelewa. Mama Kulwa alipita mitaani akawakusanya: vipofu wawili wa sokoni, bibi mmoja anayeokota makopo, mbeba mizigo aliyevunjika mkono, na wengine. Wakakaa tisa.

"Wa kumi ana homa, haji," Mama Kulwa akasema. "Nimhesabu paka?"

Hapo ndipo hodi ikabishwa. Maalim Swedi alikuwa amesimama nje ya ua, kofia mkononi. Alikuwa na uso wa mtu aliyetolewa kisimani.

"Karibu, Maalim."

"Nimetoka kwenye ufunguzi." Hakusogea. "Yule dada msimamizi aliniomba nimwombee marehemu Mrisho. Akanieleza maneno yake. Yote, Bi Nyamizi. Neno kwa neno. Alikuwa ameyahifadhi."

"Ukamwombea?"

"Niliinua mikono."

"Inatosha."

"Haitoshi." Sauti ilimshuka hadi ikawa mnong'ono, na Bi Nyamizi alitazama pembeni, kwa kuwa mnong'ono ule alishausikia. "Mrisho hakuwa hivyo. Hata siku moja. Nitarudi nikawaambia."

"Na watoto wako wa madrasa utawaambia nini jioni?"

Shanga za tasbihi zilikuwa zikilia mkononi mwa Maalim bila yeye kuzihesabu.

"Ulisikia mpaka mwisho?" akauliza.

"Mimi ni mwosha, Maalim. Hilo usiniulize tena."

Nyuma ya Bi Nyamizi, Mama Kulwa alikuwa akigawa nyama na kumgombeza mbeba mizigo kwa kuchagua mapaja. Maalim alinyanyua macho, akaiona mikeka, akawaona watu walivyokaa, sufuria, kuku. Alikuwa mwalimu, hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

"Hii ni kafara."

"Ndiyo."

"Ya kiapo."

"Ndiyo, Maalim."

"Wamefika wangapi?"

"Tisa. Wa kumi sijampata."

Alisimama pale muda mrefu, mpaka jua likahama begani kwake. Bi Nyamizi hakumwambia ingia wala ondoka. Mwishowe Maalim aliinama, akavua makubazi yake, akayapanga kando ya yale yaliyochakaa, akapita.

"Maalim, wewe maskini tangu lini?" Mama Kulwa akamtania. "Una baiskeli mbili."

"Muulize mwenye nyumba kama ananikubali," akajibu.

Kipofu mmoja, asiyejua aliyefika ni nani, alipapasa mkeka, akasogea, akapigapiga nafasi iliyobaki ubavuni mwake. "Kaa ndugu yangu. Wali wa huyu mama si wa kuacha."

Maalim akakaa kati yao. Bi Nyamizi alichukua birika na beseni, akapiga goti mbele yake kama alivyowapigia wale tisa. Maalim akanyoosha mikono. Ilikuwa inatetemeka, maji yakimwagika nje ya beseni, yakiulowesha mkeka. Bi Nyamizi aliendelea kumimina, polepole, bila kumtazama usoni, mpaka mikono ikatulia.